Nasoma ukurasa mzima, nikifunga kitabu sikumbuki kitu

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya kata hapa Ruangwa. Huwa nasoma majibu unayowapa wenzangu, na leo nimeamua kukuandikia maana nimefika mahali sijui nishike lipi niache lipi.

Shida yangu ni kusoma. Siyo kwamba sijui kusoma, najua tangu darasa la pili. Lakini nikikaa na kitabu cha Biolojia au Jiografia, namaliza ukurasa wa kwanza, naingia wa pili, nikija kujiuliza nimesoma nini, sina jibu. Macho yanakwenda mstari kwa mstari, kichwani kuna mambo mengine kabisa. Mara nawaza mechi ya Namungo, mara kodi ya chumba, mara jirani anakaanga samaki, basi nimeshahama. Nikishtuka narudi juu naanza upya. Kuna aya nyingine nazisoma mara nne na bado ni kama sijazigusa.

Naishi geto na wenzangu wawili kwa sababu kijijini kwetu ni mbali na shule. Wao wakisoma unaona kabisa wamezama. Usiku tunapiga msuli kwa taa ya sola hadi saa sita, saa saba, na mitihani ikikaribia tunakesha. Mimi nikikesha ndiyo nazidi kuwa mtupu. Mtihani wa kabla ya likizo ya Juni nilipata Kiswahili 78, Hisabati 52, Kiingereza 35, Biolojia 31, Jiografia 28. Mwalimu wa darasa alisema mbele ya wenzangu kwamba mimi ni mvivu, nakaa darasani mwili tu. Iliniuma sana, maana notisi zangu zote zimekamilika, hata wenzangu huziazima. Biolojia peke yake nimejaza madaftari mawili.

Kinachonishangaza, kuna vitu nasoma bila shida yoyote. Mjomba aliniachia riwaya moja ya Kiswahili, niliimaliza kwa siku mbili wakati wa likizo, tena shambani tukivuna ufuta. Hadithi yake nakusimulia hata leo. Magazeti ya michezo nayasoma mpaka matangazo. Sasa najiuliza, kwa nini akili yangu inapokea mambo ya mchezo na kukataa ya maana? Nyumbani tunazungumza Kimwera na Kiswahili, na mambo ya nyumbani sisahau.

Mama anaamini nimechezewa. Anasema nilipochaguliwa kwenda sekondari kuna watu hawakufurahi, na hela ya ufuta ikitoka anataka anipeleke kwa mtaalamu mmoja. Rafiki yangu naye amenionyesha vidonge vinavyouzwa stendi, kopo elfu thelathini, muuzaji anasema vinafungua ubongo na kutunza kumbukumbu. Mjomba anasema nisijisumbue, kama kichwa ni kizito nikaendeshe bodaboda yake.

Naomba unijibu, Mwalimu. Je, nina ugonjwa? Vile vidonge vinafaa? Na je, niache Fizikia na Kemia nihamie masomo ya sanaa, ambako naambiwa ni kukariri tu? Tafadhali usinitaje jina.

Kidato cha Tatu, Ruangwa

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu, maana jibu umeliandika wewe mwenyewe bila kujua. Limo katika zile alama.

Hebu zitazame pamoja nami. Kiswahili 78, hiyo ni A. Hisabati 52, ni C. Biolojia 31, umeponea chupuchupu kwenye D. Jiografia 28, F. Katika pepa ya Kiswahili kuna ufahamu na ufupisho, yaani unapewa habari ndefu uisome, uielewe, ujibu maswali yake. Mwenye kichwa kizito hapati 78 humo. Na asiyejua kutulia hamalizi riwaya kwa siku mbili katikati ya mavuno ya ufuta, jua linawaka na watu wanamwita huku na huku. Hisabati ina Kiingereza kidogo, ndiyo maana unajikongoja. Biolojia na Jiografia zina Kiingereza tele, huko ndiko unakozama. Kiingereza chenyewe 35. Alama zako zinashuka kwa kadiri lugha inavyozidi kuwa ngeni.

Kwa hiyo swali la kwanza nalijibu hivi: kwa yale uliyonieleza, sioni ugonjwa. Unasoma lugha ambayo bado hujaimiliki, na akili yako inafanya kinachofanywa na akili ya mtu yeyote aliyewekwa mbele ya maneno asiyoyaelewa. Inaondoka. Wakubwa huwaambia watoto watulie ndipo wataelewa, na mimi nasema wameugeuza mkokoteni. Ukielewa utatulia mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, kama ulivyotulia na ile riwaya. Harufu ya samaki wa jirani haikukuhamisha siku ile, na sidhani kama shambani hapakuwa na mtu anayepika.

Mwaka 2000 watafiti wawili, Marcella Hu na Paul Nation, waliwapa watu wanaojifunza Kiingereza hadithi fupi, lakini ndani yake wakaondoa baadhi ya maneno na kuweka ya kubuni, yasiyo na maana yoyote. Kundi moja lilipewa hadithi ambayo katika kila maneno 100 wanayajua 80. Hapo hakupatikana hata mmoja aliyeielewa hadithi inavyotakiwa. Waliojua 95 katika 100, wachache walielewa, wengi hapana. Watafiti wale wakakadiria kwamba ili mtu asome kwa raha peke yake, anahitaji kujua kama maneno 98 katika kila 100. Ile ilikuwa hadithi tu, siyo mfumo wa usafirishaji katika mimea.

Sasa kabla hujafanya jambo lingine lolote, fanya hili leo. Chukua kitabu cha Biolojia, siyo daftari lako la notisi. Fungua ukurasa wa mada mnayosoma sasa, hesabu maneno 100 mfululizo, na kwa penseli weka alama chini ya kila neno ambalo ukiulizwa maana yake huwezi kumweleza mtu. Usijidanganye na maneno unayoyafahamu kwa sura tu. Ukipata mawili, shida yako iko kwingine na mimi nimekosea. Ukipata matano utasoma kwa jasho. Lakini nina wasiwasi utapata kumi na tano au zaidi, na kama ni hivyo, hata mwalimu wako aliyekuita mvivu angepewa ukurasa wa lugha asiyoijua kwa kiasi hicho, naye angeanza kuwaza mechi ya Namungo.

Kuna jambo kuhusu maneno hayo ambalo wanafunzi wengi hawalioni. Maneno makubwa ya kisayansi siyo adui wako mkubwa. Yale mwalimu huyaandika ubaoni, huyachorea picha, huyarudia. Yanayokumaliza ni madogo, ambayo hakuna anayeyafundisha kwa sababu kila mtu anadhani unayajua. Chukua sentensi kama hii: “Unless the stomata are open, carbon dioxide cannot enter the leaf.” Stomata umezichora, kaboni dayoksaidi unaijua, jani unalijua. Lile neno la mwanzo ukiliruka, unabaki na matundu yaliyo wazi na hewa isiyoweza kuingia, yaani kinyume kabisa cha kilichosemwa. Ukiandika hivyo kwenye mtihani unapigwa mkasi, na wewe unashangaa kwa sababu umeikumbuka sentensi karibu yote. Ni neno moja, lenye maana ya “isipokuwa kama”, na limegeuza somo zima juu chini. Yako mengine ya aina hiyo: although, whereas, despite, hence, however, therefore. Hayazidi ishirini, thelathini. Hayo yawe ukurasa wa kwanza wa daftari jipya utakalofungua wiki hii, na kila moja liandikie sentensi nzima kutoka kitabuni pamoja na maana yake kwa Kiswahili. Neno likikaa peke yake kwenye orodha linasahaulika haraka, likiwa ndani ya sentensi lina pa kujishikiza.

Maswali ya mtihani nayo yana msamiati wake. Nimesahihisha karatasi nyingi za Jiografia katika maisha yangu, na sijui ni mara ngapi nimekutana na swali linaloanza na “Account for”, mwanafunzi akajaza ukurasa mzima akieleza jangwa lilivyo: mchanga, joto, ngamia. Swali lilitaka sababu za watu kuwa wachache jangwani. Alilijua jangwa, hakulijua swali. Kwa hiyo unaposolvu pepa za nyuma, usianze na majibu. Kaa na maswali matupu, na kila swali liandike upya kwa Kiswahili kwa mstari mmoja: hapa wanataka nitaje, hapa nitofautishe, hapa nitoe sababu. Fanya hivyo kwa maswali kumi kabla hujajibu hata moja.

Najua utaniuliza mbona unasoma aya ile ile mara nne na haiingii. Nelson Cowan, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 2001 kwamba akili ya mtu hushikilia vitu vichache mno kwa wakati mmoja, kama vitatu hadi vitano hivi. Ukisoma lugha unayoimudu, sentensi nzima ni kitu kimoja. Ukisoma kwa kukokota, kila neno ni kitu chake. Ni sawa na kubeba nazi mikononi bila kapu: ukiinama kuokota ya tano, ya kwanza imeshaanguka. Ndiyo maana ukifika kwenye nukta, mwanzo wa sentensi umepotea, na kurudi juu mara ya nne hakusaidii kitu, unaokota na kuangusha vile vile.

Hapa naomba niseme jambo ambalo halitakusaidia kwenye mtihani lakini unastahili kulijua, ili usilale ukijiona mjinga. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu 1967. Mtoto anasoma miaka saba kwa lugha anayoielewa, halafu asubuhi moja ya Januari anaamkia darasa ambalo karibu kila somo ni Kiingereza. Kwako wewe uliyekua na Kimwera nyumbani, hiyo ni lugha ya tatu. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu kuanzia shule za msingi hadi chuo kikuu, na wakakuta walio wengi sekondari hawawezi kujifunzia kwa lugha hiyo. Sera ya elimu ya 2014 ikaja ikasema Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote, huku Kiingereza nacho kikiimarishwa. Mimi nina maoni yangu makali kuhusu miaka yote hiyo ya kujadiliana, ila pepa yako ya Biolojia bado inakuja kwa Kiingereza, na hiyo ndiyo tunayoishughulikia.

Tuje kwenye notisi. Madaftari mawili yaliyojaa, na wenzako wanayaazima. Hongera kwa mwandiko, lakini kunakili ubaoni ni kazi ya mkono. Mtu anaweza kunakili Kichina kwa usahihi kabisa na asijue ameandika nini. Mwalimu wako alikosea kukuita mvivu, tena mbele ya watu, na sitamtetea kwa hilo. Ila usimchukie, ana darasa lililofurika na anachokiona yeye ni kijana anayetazama dirishani.

Jaribu kusoma hivi. Ukitaka kuisoma mada, tuseme usanisinuru, kwanza katafute kitabu cha Sayansi cha shule ya msingi, darasa la sita au la saba, cha Kiswahili. Hapo mtaani hamkosi mtoto mwenye nacho. Isome mada hiyo hiyo humo, kurasa chache tu, uielewe vizuri. Usione aibu. Ukishajua kwa Kiswahili kwamba jani linahitaji mwanga, maji na kaboni dayoksaidi kutengeneza chakula, ukirudi kwenye kitabu cha sekondari nusu ya kazi imekwisha, maana sasa unatafuta maneno ya jambo unalolijua, hutafuti maneno na jambo kwa pamoja. Kama mada haimo kwenye vitabu vya msingi, rudi kitabu cha kidato cha kwanza au cha pili, Kiingereza chake ni chepesi zaidi. Vitabu vya kiada vimo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, vinasomeka kwa simu bila malipo zaidi ya bando. Simu yenyewe nitaisema baadaye.

Kwenye kitabu cha Kiingereza usianzie mstari wa kwanza. Anza na picha na maandishi ya chini yake, kisha yasome maswali ya mwisho wa mada ili ujue unakwenda kutafuta nini. Halafu soma aya moja. Moja tu. Weka penseli chini ya maneno magumu lakini usisimame kwa kila moja. Yale yanayojirudia mara mbili tatu ndiyo ya kutafuta kwenye kamusi, mengine yapite. Ukimaliza aya, funga kitabu, na useme kwa sauti, kwa Kiswahili, aya imesema nini. Umeniambia unaisimulia ile riwaya mpaka leo, basi simulia na aya. Watangazie wenzako wa geto kama unavyotangaza mechi: mwanga umeingia kwenye jani, umepokelewa na klorofili, maji yanapanda kutoka mizizini. Wakicheka wacheke, nao watajifunza. Ukikwama, fungua, tazama pale tu ulipokwama, funga tena. Mwisho andika sentensi mbili za Kiingereza chako mwenyewe, kibovu hivyo hivyo.

Kitakachokuuma ni kwamba njia hii ni ya polepole. Siku ya kwanza utamaliza nusu ukurasa huku wenzako wamefika wa sita, na utaona unapoteza muda. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa chuo kikuu kimoja cha Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi za kisayansi wazisome. Kundi moja wakairudia habari kwa kuisoma tena, jingine wakaweka karatasi pembeni na kuandika wanachokikumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojieleza bila karatasi walikumbuka kama asilimia 56, waliorudia kusoma kama 42. Kwa hiyo ile raha ya kusoma mara ya tatu na kujisikia “hii naijua” isikudanganye, unachokijua wakati huo ni sura ya ukurasa.

Maneno ya daftari jipya yasizidi manane kwa siku. Yarudie kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, ukiwa umefunika upande wa maana kwa mkono. Tangu Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alipoandika kuhusu kusahau mwaka 1885, inajulikana kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kurundika kila kitu usiku mmoja.

Na hapo tunafika kwenye kukesha. Acheni. Nasema na wenzako wawili pia. Madaktari wa usingizi wa Marekani wanapendekeza saa nane hadi kumi kwa kijana wa miaka 13 hadi 18, na ubongo hupanga yale ya mchana wakati umelala. Ukilala saa saba na kengele ya shule ni alfajiri, unakwenda darasani na akili iliyobaki kitandani. Zimeni taa saa nne. Kazi ngumu ya kusoma ifanye jioni kabla giza halijaingia, au alfajiri, kwa vipande vya dakika 25, kisha unasimama, unateka maji, unarudi. Simu mpe mwenye duka jirani aichaji saa hizo. Usiiweke kifudifudi mezani ukadhani umeishinda. Na kama unakwenda shule bila hata kikombe cha uji, sema na mama kuhusu hilo kabla ya mengine yote, tumbo tupu halisomi.

Jambo moja hukulisema: unaona ubaoni vizuri? Kama unakunja uso, au kichwa kinauma ukisoma, nenda hospitali ya wilaya wakupime macho. Miwani imewahi kuwaokoa wengi walioitwa wazembe. Na msomaji mwingine anayefuatilia hapa, ambaye mwanawe hata Kiswahili kinamkataa, herufi zinamchanganya tangu darasa la kwanza, au hawezi kutulia hata kwenye mambo anayoyapenda, huyo asichukue ushauri huu wa maneno 100. Mtoto huyo aangaliwe na mwalimu wa elimu maalumu au daktari, maana shida yake ni nyingine na ina msaada wake.

Vidonge vya stendi, usinunue. Hakuna kidonge kinachoweza kumfundisha mtu maana ya neno ambalo hajawahi kujifunza, na usiyejua kimo nini ndani ya kopo huna sababu ya kukimeza. Kwa hizo elfu thelathini tafuta kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, hata iliyotumika, na chenji itakayobaki nunua daftari na penseli.

Mama usibishane naye. Mama anakuona mwanawe unateketea na anatafuta mkono wa kukusaidia, ndiyo maana yuko tayari kutoa hela ya ufuta aliyoitolea jasho. Ukienda nyumbani, chukua ule ukurasa wenye alama za penseli, kaa naye, mwonyeshe. Mwambie, mama, haya yote siyajui, ndiyo maana nashindwa. Kisha mwonyeshe ile 78. Mtu akichezewa akili, aliyemchezea hawezi kumsamehe Kiswahili akamshika kwenye Biolojia tu. Nadhani atakuelewa, na akisisitiza tu, mwombe akupe hadi Desemba kwanza. Mjomba naye mshukuru kwa riwaya na umwombe nyingine. Bodaboda yake haitaondoka.

Kuhusu kuhamia sanaa, aliyekuambia huko ni kukariri tu hajakaa na swali la insha. Historia na Jiografia ndizo zenye maneno mengi kuliko masomo yote, na wewe Jiografia una 28. Ukikimbia Fizikia na Kemia kwa sababu ya Kiingereza, utakwenda kukikuta Kiingereza kimekaa sebuleni kinakusubiri. Sisemi usihame. Kama moyo wako uko kwenye sanaa, nenda. Ila usihame kwa kukimbia, na usiamue sasa hivi, kwa sababu alama za Fizikia na Kemia hukunitajia na siwezi kukushauri gizani.

Mfuate mwalimu wa Kiingereza, nje ya kipindi, na daftari lako la sentensi. Usimwambie “sielewi Kiingereza”, hatajua aanzie wapi. Mwonyeshe sentensi tano zilizokushinda kutoka kitabu cha Biolojia na umwombe akusomee. Sijawahi kumwona mwalimu anayekataa mwanafunzi aliyekuja na sentensi tano mkononi.

Kisha niandikie tena mwisho wa Oktoba. Nataka hesabu mbili: maneno uliyoyawekea alama leo, na utakayoyawekea siku hiyo kwenye ukurasa mwingine wa kitabu hicho hicho. Na hizo alama za Fizikia na Kemia usizisahau.